Ufundi wa Jani Saa Sita Mchana

Ukitaka kuijua kazi ya jani saa sita mchana, anza na jani lililoshindwa kuifanya. Chukua mche wa mdalasini uliokulia chini ya kivuli kizito, uutoe nje ghafla katikati ya Januari, jua likiwa la utosi, na uumwagilie vizuri asije mtu akasema ulikuwa na kiu. Baada ya siku mbili tatu majani ya juu yanaanza kupauka. Kijani kinafifia kuwa manjano, manjano inakuwa nyeupe, na mwisho jani linababuka, linageuka kahawia, likiguswa linavunjika. Sogea karibu uangalie vizuri. Pale ambapo jani moja lilikuwa limelilalia jingine, lile la chini limebaki na alama ya lile la juu: kipande cha kijani chenye ncha na ukingo wake, kimechorwa kwa usahihi usiotarajiwa. Ndani ya mpaka huo jani ni zima, nje yake limekufa. Maji yalikuwa yale yale, udongo ule ule, hewa ile ile. Kilichotofautiana ni mwanga.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwanga ni chakula cha mmea, na somo likaishia hapo. Mwalimu alichora jua, mshale, jani, kisha akaandika sukari na oksijeni. Hakuna aliyechora mshale wa pili, ule wa mwanga usiohitajika, ambao saa sita mchana ni mnene kuliko wa kwanza.

Hesabu yenyewe iko hivi. Karibu na ikweta, mchana usio na wingu, mwanga unaofaa kwa usanisinuru hufikia takriban maikromoli 2000 za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jani la mkahawa, mmea ambao asili yake ni kivuli cha misitu ya Ethiopia, hushiba likipata theluthi moja ya hapo au pungufu. Iliki, inayolimwa chini ya miti mikubwa huko Usambara Mashariki, hushiba mapema zaidi. Na chini kabisa, kwenye sakafu ya msitu mnene, mara nyingi kinachofika ni asilimia 1 au 2 tu ya mwanga ulioko juu ya miti. Lakini kwa jani, kushiba si kuacha kula. Klorofili, ile rangi ya kijani, hunyonya mwanga uwe unahitajika au hauhitajiki. Fotoni ya saa sita inapokelewa sawa na ya alfajiri, ila ya alfajiri imekuta kazi inaisubiri, na ya saa sita mara nyingi haina pa kwenda.

Aliyewahi kusimama kituo cha daladala saa kumi na moja jioni anaielewa hali hiyo: abiria wanamiminika, magari ni yale yale. Tofauti ni kwamba abiria anaweza kulalamika, akanunua karanga, akasubiri. Klorofili iliyokwisha kupokea nishati husubiri kwa nanosekunde chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde. Nishati isipopata kazi ndani ya muda huo, klorofili inaweza kuingia katika hali nyingine inayodumu zaidi na yenye hatari zaidi, na hapo ndipo inapokutana na oksijeni.

Oksijeni ya kawaida, hii tunayovuta, haina haraka ya kushambulia vitu. Ikipokea nishati kutoka kwa klorofili iliyokwama, hugeuka kuwa ile ambayo wanakemia huiita oksijeni singleti. Hiyo huishi kwa sehemu chache za milioni za sekunde, lakini katika muda huo hushambulia chochote kilicho jirani: mafuta ya utando, protini, hata klorofili yenyewe. Wala jani haliwezi kuikwepa oksijeni, maana ndilo linaloitengeneza, pale pale, kwa kupasua maji. Mtambo unaoipa dunia hewa na mtambo unaoweza kuigeuza hewa hiyo kuwa sumu ni mmoja.

Ndiyo maana nasema huu ni ufundi. Kukamata mwanga ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Kuutupa uliozidi bila kujiunguza, kwa kiasi kinachotakiwa tu, bila kutupa na ule unaohitajika, ndiko kazi ya fundi inakoonekana.

Wa kwanza kazini ni beta-karotini. Ni rangi ile ile ya karoti na ya mawese, na imo katika kila jani la kijani, ila kijani kimeifunika. Katika kisamvu na mchicha imo kwa wingi, ndiyo maana wauguzi wa kliniki huwahimiza akina mama kuyapika majani hayo kwa ajili ya vitamini A. Ndani ya jani, beta-karotini imepangwa jirani kabisa na klorofili katika kiini cha mtambo. Oksijeni kali ikizaliwa tu, karotini huipokonya nishati na kuitoa kama joto. Mara nyingi haiharibiki kwa kazi hiyo. Hurudi katika hali yake, tayari kwa nyingine. Dawa nyingi tunazozijua hutumika mara moja zikaisha, lakini hii hurudia kazi ile ile mara nyingi mno kwa siku moja ya jua.

Kunyang'anya silaha baada ya kuchomolewa, hata hivyo, si ustadi wa juu. Ustadi wa juu ni kuzuia isichomolewe, na hapo ndipo jani linaponifanya nikae kimya nikitazama. Ndani ya tando zake kuna rangi ya manjano iitwayo violazanthini. Jua likipanda, kimeng'enya kimoja huinyofoa violazanthini atomu zake mbili za oksijeni, moja baada ya nyingine, na kuigeuza zeazanthini, rangi ile ile inayoyapa mahindi ya njano sura yake. Zeazanthini ikishirikiana na protini iitwayo PsbS, mfumo mzima wa kukusanya mwanga hubadili mwenendo: badala ya kupeleka nishati kwenye kiini, huanza kuimwaga kama joto. Katika jua kali, zaidi ya nusu ya mwanga ulionyonywa unaweza kuondoka kwa njia hiyo. Jioni, kimeng'enya cha pili huzirudisha atomu mahali pake na violazanthini inarejea. Kesho yake mzunguko unaanza upya.

Jani linajuaje kwamba mwanga umezidi? Halipimi jua. Linapima msongamano wake lenyewe. Usanisinuru ukiendelea, chembe za asidi husukumwa ndani ya vifuko vidogo vya kloroplasti, kisha hutoka taratibu zikizungusha mtambo wa kutengeneza nishati ya matumizi. Mwanga ukizidi kazi, asidi inaingia haraka kuliko inavyotoka, na vifuko vinakuwa vikali. Ukali huo wenyewe ndio unaokiamsha kimeng'enya. Hakuna amri inayotoka mbali. Hata jani la mchana wa mawingu ambalo limenyauka kwa kiu litajilinda, kwa sababu kwake mwanga kidogo tayari umezidi. Kipimo ni kazi iliyopo, si ukubwa wa jua, na sijui mhandisi ambaye angebuni kitu chepesi kuliko hicho.

Watu hawakuligundua hili kwa siku moja. Sapozhnikov na wenzake, katika Urusi ya Kisovieti, waliona mwaka 1957 kwamba rangi hizo za manjano hubadilishana mwanga unapokuja na kuondoka. Mwaka 1962 Harry Yamamoto na wenzake waliuchora mzunguko wenyewe. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua kazi yake. Ni mwaka 1987, Barbara Demmig na wenzake nchini Ujerumani walipoonyesha kwamba zeazanthini huongezeka sambamba na joto linalotupwa, ndipo watu walipoanza kusema kwamba hii ni vali ya usalama. Miaka 25 ya kutazama rangi ikibadilika bila kujua sababu! Nawaheshimu waliokuwa wakiipima wakati ule pasipo na aliyeuliza.

Wakati mwingine nishati hupita njia yake ya halali na bado ikakosa pa kutua. Elektroni zilizotolewa kwenye maji hufika mwisho wa safari zikakuta hakuna kaboni ya kutosha ya kuzipokea, labda kwa sababu vinyweleo vya jani vimefungwa kuzuia maji yasipotee. Zinaparamia oksijeni, na inazaliwa superoksaidi. Kimeng'enya kimoja huigeuza haraka kuwa haidrojeni peroksaidi, kitu kile kile ambacho wauza dawa huuza kwa kusafishia vidonda. Kisha vitamini C, ikisukumwa na kimeng'enya kingine, huivunja peroksaidi kuwa maji. Kozi Asada wa Japani, aliyeifuatilia njia hii kwa miaka mingi, aliuita mzunguko wa maji hadi maji: elektroni zilitoka kwenye maji, zimezunguka, na zimerudi kuwa maji. Hakuna sukari iliyopatikana. Jani limefanya kazi ngumu ya kutozalisha chochote, na kwa kufanya hivyo limeokoka.

Watu tunapotajiwa vitamini C tunafikiria chungwa na pera. Ndani ya kloroplasti, pale sumu inapozaliwa, vitamini hiyo huwa nzito mara kadhaa kuliko ilivyo katika juisi ya chungwa. Haipo kwa bahati. Ndiyo inayoivunja peroksaidi, ndiyo inayokisaidia kile kimeng'enya cha kutengeneza zeazanthini, na ndiyo inayoifufua vitamini E inapochoka. Vitamini E kazi yake ni nyingine: hukaa ndani ya mafuta ya utando na kuukatiza moto wa kuharibika kwa mafuta usienee. Bila vitamini C, mmea hauishi. Mwaka 2007 watafiti waliupata mche wa arabidopsi, kimmea kidogo cha maabara, ambao jeni zake mbili za kutengeneza vitamini C zilikuwa zimeharibiwa pamoja. Mbegu ziliota, vijani viwili vya kwanza vikatoka, vikapauka, na ukuaji ukasimama hapo. Walipoupa vitamini hiyo, ukaendelea kukua.

Anayetaka kuona ulinzi huu ukizidiwa aangalie shamba lililopuliziwa paraquat, ile dawa ya magugu ambayo wakulima wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone. Haiyapi magugu sumu ya ajabu. Inazinyakua tu zile elektroni mwishoni mwa safari na kuzikabidhi kwa oksijeni, mara nyingi mfululizo, mpaka vitamini C na vimeng'enya vyote vinaishiwa nguvu. Ndiyo maana dawa hiyo huunguza upesi siku ya jua na hukawia penye giza: anayeunguza ni jua, dawa imeondoa ulinzi tu. Mapafu ya binadamu aliyeinywa huharibiwa kwa hila hiyo hiyo, na tiba yake ya uhakika haijapatikana. Iwekwe mbali na watoto, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Kuna sehemu moja ya ufundi huu ambayo mwanzoni inaonekana kama udhaifu. Katika mtambo wa kupasua maji kuna protini iitwayo D1, na jani halijafanikiwa kuilinda. Kila siku ya jua inaumia. Badala ya kuiimarisha, jani limejipanga kuibadilisha: mtambo ulioharibika unasogezwa pembeni kwenye utando, D1 ya zamani inakatwakatwa na kuondolewa, mpya inatengenezwa na kuingizwa, mtambo unarudi kazini. Katika mwanga mkali hili linaweza kufanyika ndani ya muda usiozidi saa moja. Protini nyingine nyingi jirani hukaa kwa siku. Fundi mzuri wa mashine anajua kipuri kitakachovunjika kwanza, na anahakikisha ndicho kinachofunguka kwa urahisi.

Matokeo ya kazi hii yote yanapimika. Jani la kijani linalopigwa na mwanga hurudisha sehemu ndogo yake, asilimia moja au mbili, kama mng'ao mwekundu hafifu. Hans Kautsky aliuona mng'ao huo ukipanda na kushuka kwa macho yake mwaka 1931. Leo kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyousoma: unalibana jani, unaliweka gizani kwa muda, unalimulika, na kifaa kinakupa namba. Jani lenye afya, liwe la mwembe au la ngano, hutoa karibu 0.83. Likiwa limechokozwa na mwanga, namba inashuka kwanza. Kupauka kunakuja baadaye. Kwa hiyo jani linaweza kuwa bado la kijani na tayari liko mashakani.

Mtunza kitalu hana kifaa hicho, lakini anayo macho. Muheza, mkoani Tanga, nchi ya machungwa na viungo, nilikaa na mama mmoja anayeotesha michungwa, midalasini na mikarafuu kwenye viriba chini ya kibanda cha makuti. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi, akanionyesha kwa kidole mahali pa kukaa. Alikuwa akichomoa makuti kutoka paani, kuti moja hapa, jingine kule, akiacha mengine. Madoa ya jua yalikuwa yameanza kucheza juu ya miche. Nilimuuliza anajuaje kwamba siku ya kupunguza kivuli imefika.

"Naangalia jani changa, mwanangu," alisema. "Hilo kubwa la chini limeshazoea uvivu, halitakuambia kitu."

Alilikamata jani la juu la mche wa mdalasini kati ya vidole viwili na kulikunja kidogo. Lilikuwa jekundu-pinki, laini, limening'inia kuelekea chini. Jani la pili chini yake lilikuwa limekwisha kuwa kijani, dogo kuliko yale ya zamani lakini gumu, na lilipokunjwa lilirudi kwa nguvu. Hilo la pili ndilo alilokuwa akilitafuta. Lilifunguka baada ya makuti ya kwanza kutolewa, kwa hiyo lilijengwa likijua jua. Mche haupandi gari la mteja mpaka uwe na majani ya namna hiyo na paa likiwa wazi kabisa. Huchukua wiki kadhaa, na wateja hunung'unika.

Aliyoyaona kwa vidole ndiyo ambayo maabara zimeyapima. Jani la kivulini lina akiba ndogo ya violazanthini, vitamini C kidogo, vimeng'enya vichache. Likiletewa mwanga kidogo kidogo, akiba hiyo inaongezeka kwa siku kadhaa, na katika majani ya juani inaweza kuwa maradufu au zaidi ya ile ya majani ya kivulini. Ila kuna vitu ambavyo jani lililokwisha kukomaa haliwezi kuvibadili: unene wake, idadi ya tabaka za seli, ukubwa. Hivyo hujengwa wakati jani linakua tu. Ndiyo sababu jani la zamani "limeshazoea uvivu", na ndiyo sababu subira ya kitaluni hupimwa kwa majani mapya kuliko kwa kalenda.

Na ule wekundu? Pitia chini ya mwembe unaochipua, kuanzia Lamu hadi Mtwara, utaona matawi mazima ya majani ya rangi ya shaba yameinama kana kwamba yamechoka. Hayajachoka. Jani changa limekwisha kutandaza klorofili lakini mitambo yake ya kutumia sukari na kaboni bado haijakamilika, kwa hiyo mwanga wowote ni mwingi kwake. Linaning'inia ili jua lilipate kwa ubavu, na limejipaka anthosiani, rangi nyekundu inayomeza sehemu ya mwanga kabla haujaifikia klorofili na ambayo yenyewe ni antioksidanti, yaani kinga dhidi ya oksijeni kali. Likikomaa, linainuka na wekundu unatoweka. Wataalamu wengine wanasema rangi hiyo huwafukuza wadudu pia, na ubishi huo haujaisha. Kwangu sababu mbili zinaweza kukaa katika jani moja bila kugombana. Ukitaka kuuona wekundu huo kwa ukubwa wa kustaajabisha, nenda Tabora au Katavi mwezi Septemba au Oktoba, au vuka hadi Katanga. Misitu ya miombo huchipua kabla mvua haijanyesha, jua likiwa kali na udongo umekauka, na msitu mzima unakuwa mwekundu, wa zambarau na wa shaba. Mgeni hudhani majani yanapukutika. Huko Kericho, Kenya, watafiti waliichagua sifa hii kwa makusudi: mwaka 2011 ilitolewa kwa wakulima aina ya chai TRFK 306, ambayo majani yake machanga ni ya zambarau kwa sababu ya anthosiani.

Mimea mingine hupunguza mwanga kwa mwendo. Majani ya maharage saa sita hugeuza kingo kuelekea jua, na shamba lililokuwa la kijani kizito saa tatu asubuhi huonekana limepungua majani. Mikoko ya mwambao huyasimamisha majani yake ya juu karibu wima. Ndani zaidi, ambako jicho halifiki bila hadubini, kloroplasti zenyewe huhama: mwanga hafifu unapokuja hujipanga usoni mwa seli, mwanga mkali unapokuja hukimbilia kwenye kuta za pembeni na kusimama moja nyuma ya nyingine, zikitiliana kivuli. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba arabidopsi isiyoweza kuzihamisha huumia zaidi juani.

Je, fundi huyu hana kasoro? Anayo moja, nayo ni woga. Wingu likipita juu ya shamba, jani lililokuwa likitupa mwanga huendelea kuutupa kwa dakika kadhaa hata baada ya kivuli kuingia, kwa sababu zeazanthini hairudi haraka. Mwanga unaopotea wakati huo ni sukari iliyopotea. Kundi la watafiti wa Illinois, Marekani, akiwemo Stephen Long, pamoja na Krishna Niyogi wa California, liliongeza jeni tatu katika tumbaku ili urejeaji uwe wa haraka, na mwaka 2016 walitangaza kwamba mimea hiyo shambani ilikuwa na uzito mkavu zaidi kwa asilimia 14 hadi 20. Mwaka 2022 wakaripoti soya iliyozaa zaidi. Mihogo na kunde imo pia kwenye mpango wao, jambo ambalo linatuhusu sisi. Lakini jeni zizo hizo zilipowekwa katika arabidopsi na watafiti wengine, mimea ilidumaa. Mimi sishangai. Woga wa jani umejengwa na hatari ambazo hatukuwepo kuziona, na anayetaka kuupunguza afanye polepole, shamba kwa shamba, msimu kwa msimu.

Kwa wale wanaouziwa vidonge vya antioksidanti mitaani kwa ahadi ya kurudisha ujana, jani lina neno. Ndani yake, kila antioksidanti ina mahali pake, kipimo chake, na jirani wa kuifufua. Ukiitoa hapo na kuila kwa wingi, hesabu inabadilika. Nchini Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, waliopewa beta-karotini ya vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Mchicha haujawahi kumfanyia mtu hivyo. Tena luteini na zeazanthini za mboga za majani ndizo zinazokusanyika katikati ya retina ya jicho letu, mahali panapopigwa na mwanga zaidi, na mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Tunaziazima kwa majani.

Basi masika yakikaribia na ukienda kununua miche, usianze na bei. Inua kiriba, tafuta jani lililofunguka juani, likunje uone kama linarudi. Uliza mche umekaa siku ngapi bila paa. Panda jioni, si asubuhi, ili mche upate usiku mmoja wa kutulia kabla ya jua la kwanza, na uuchomekee makuti mawili matatu upande wa magharibi kwa wiki mbili za mwanzo, uyachomoe moja moja. Muuzaji akikuambia ameutoa kivulini jana, mlipe kama umeupenda, lakini uache hapo hapo kitaluni kwake mpaka utoe jani jipya.